Magurudumu ya Mashine Kuukuu za Kuvuta Vumbi

(Hotuba ya Fundi Mkuu wa Karakana ya Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe na wanachama katika sherehe za kutimiza miaka 10)



Katika siku hii kubwa Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka 10. Walionitangulia wamenena habari za mazao, za bei, za maghala na za mikopo, na yote hayo ni mambo makubwa. Fungu langu mimi ni dogo. Nimeagizwa niseme juu ya magurudumu. Wala si magurudumu ya malori yachukuayo mazao yenu, bali magurudumu ya mashine kuukuu za kuvuta vumbi, zile zilizokuwa zikitumika katika ukumbi huu na katika nyumba yetu ya wageni.

Najua wapo watakaotabasamu. Lakini jambo hili linakwenda mbele ya Halmashauri, na halina budi kuamuliwa. Mashine hizo zilinunuliwa mnadani wakati Chama kilipokuwa bado kichanga, na hata siku ile zenyewe hazikuwa changa. Sasa zimewekwa stoo, na liko pendekezo kwamba ziuzwe kwa kilo kama vyuma chakavu. Mimi nimezifungua moja moja. Mota zake zinazunguka. Kilichozilaza ni magurudumu: moja limepasuka, jingine limekuwa gumu kama jiwe, jingine limeliwa upande mmoja. Mwenye mali hapaswi kuuza mali yake kabla hajaelezwa ina kasoro gani, na kama kasoro hiyo yatengenezeka. Na mwenye mali hapa si fundi wala si katibu. Ni mkulima aliyelipa kiingilio akanunua hisa.

Ili tuelewane vema, yafaa kwanza nieleze vyombo hivi vilitoka wapi. Mwaka 1901 mhandisi mmoja wa Uingereza, Hubert Cecil Booth, alitengeneza mashine ya kuvuta vumbi kwa nguvu ya injini. Ilikuwa kubwa kiasi cha gari, ikakokotwa na farasi mpaka nje ya nyumba, kisha mirija mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilitumika kusafishia mazulia ya kanisa la Westminster Abbey, London, kabla ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba. Basi magurudumu ya mashine ile yalikuwa ya gari la farasi, nayo hayakuvuka kizingiti cha nyumba.

Huko Marekani, katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, alikuwako mfagiaji wa duka, jina lake James Murray Spangler, ambaye vumbi la kazi yake lilimzidishia ugonjwa wa pumu. Mwaka 1907 aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya, akapata mashine ambayo mtu mmoja aweza kuisukuma. Mwaka 1908 alipewa hati ya uvumbuzi, na haki zake zikanunuliwa na William Henry Hoover, ambaye jina lake lingali likisomwa juu ya mashine nyingi. Angalieni, Ndugu zangu, kwamba mashine hii ndogo haikubuniwa na tajiri, bali na mtu wa ufagio aliyekuwa akitafuta pumzi.

Kisha mwaka 1921 kampuni ya Electrolux ya Sweden ilitoa mashine iliyoitwa Model V, iliyolala chini na kuteleza juu ya vyuma viwili vyembamba. Na katika miaka ya 1950 kampuni ya Hoover ilitoa mashine ya mviringo kama mpira, iliyoitwa Constellation, ambayo baadaye ilifanywa ielee juu ya hewa iliyotoka tumboni mwake. Watu walistaajabu, lakini gurudumu halikuondoka duniani. Hata leo mashine nyingi zaendelea kutembea kwa magurudumu.

Zetu ni za namna mbili. Ziko za kusimama, zenye mpini mrefu na mfuko, ambazo mdomo wake na burashi yake viko chini ya mwili wenyewe. Na ziko za kulala, zenye umbo la pipa, ambazo mtu huzikokota nyuma yake kwa mrija. Katika zile za kulala, kazi ya gurudumu ni kubeba tu. Likivunjika, mashine huburuzwa, nayo huchora sakafu, hugonga miguu ya meza, na mrija huvutwa mpaka ukapasuka shingoni. Lakini katika zile za kusimama gurudumu lina kazi ya pili, na hii ndiyo wengi hawaijui: gurudumu ndilo linaloshika kimo cha mdomo juu ya zulia.

Naomba mnisikilize hapa kwa makini. Mdomo wa mashine hauna budi kuwa karibu na zulia bila kulikandamiza. Ukiwa juu mno, hewa huingia pembeni, na vumbi hubaki palepale. Ukiwa chini mno, burashi husaga zulia badala ya kulipiga, ukanda wa mpira unaozungusha burashi huteleza na kuungua, na mota hufanya kazi ngumu mpaka ikapata moto. Gurudumu la milimita 50 likiliwa mpaka likabaki milimita 44, mdomo hushuka milimita 3. Nanyi mkitia gurudumu la milimita 56 kwa kuwa ndilo lililopatikana dukani, mdomo hupanda milimita 3. Milimita 3 ni kitu gani? Ni kitu kidogo. Lakini kwa mdomo wa mashine ni mbali sana. Ndiyo maana mara nyingi watu husema mashine imekufa, haivuti, kumbe mashine ni nzima, ila imesimama juu ya miguu isiyo yake.

Na kuna jambo ambalo halimo katika vitabu vya hesabu. Mashine isiyotembea hubebwa. Walioibeba zetu kutoka chumba hadi chumba, na kuipandisha ngazi za nyumba ya wageni, ni akina mama wanaotufanyia usafi. Nao walipochoka kuibeba walirudi kwenye ufagio, na ufagio juu ya zulia hurusha vumbi hewani kisha likarudi kukaa mahali pale pale, na jingine likaingia vifuani mwao. Tukisema tumeokoa fedha kwa kuacha gurudumu bila kutengenezwa, tujiulize ni nani aliyelipa.

Sasa, kwa nini magurudumu huharibika? Aghalabu si kwa kazi, bali kwa umri. Magurudumu mengi ya mashine za zamani yalivikwa tairi la mpira. Mpira asili yake ni utomvu wa mti, na wakulima wa nchi hii waliujua mapema: wakati wa utawala wa Wajerumani mpira wa Ceara ulilimwa Tanganyika, hasa katika sehemu za Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, na mashamba mengi yakaachwa. Utomvu mtupu hunata wakati wa joto na hupasuka wakati wa baridi. Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa ukatiwa moto huwa imara, naye akapata hati yake mwaka 1844. Imara, lakini si wa milele. Hewa, mwanga wa jua na joto huula polepole. Hukauka, huwa mgumu, huchanika nyufa ndogo ndogo. Mafuta ya mashine nayo huufanya uvimbe na kulainika kama uji. Hayo ndiyo yaliyozipata zetu, kwa kuwa stoo ilikuwa na dirisha upande wa magharibi, na mtu mwenye nia njema alikuwa akizipaka oili kila mwezi.

Magurudumu mengine yalitengenezwa kwa bakelaiti, ambayo ni plastiki ya mwanzo iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Hiyo ni ngumu na nzuri, lakini ikigongwa hupasuka kama kigae, wala haiyeyuki kwa moto ikasubuliwa upya. Mengine ni ya zinki ya kusubu, na baadhi ya zile za zamani zilichanganyika na risasi. Hizo huoza kutoka ndani, zikavimba, zikamong'onyoka mkononi. Ugonjwa huo hauna dawa. Gurudumu la namna hiyo hubadilishwa, halitengenezwi. Mengine ni ya mbao au ya bati lililokunjwa. Basi kazi ya kwanza ya fundi ni kujua ameshika kitu gani, kwa maana dawa ya mpira si dawa ya bakelaiti.

Nitaeleza sasa namna ya kuifanya kazi, ili kila Chama cha Msingi chenye fundi kiweze kuifuata.

Kabla ya yote, chomoa plagi. Usitosheke na kuzima swichi. Kisha tazama waya tangu plagi mpaka mwilini. Waya za zamani nazo zilivikwa mpira, na mpira huo huzeeka kama ule wa tairi. Ukiukunja ukaona nyufa au ukaona shaba, weka gurudumu kando kwanza; waya hauna budi kubadilishwa na mtu ajuaye umeme, na mwili wa chuma upimwe usije ukapitisha umeme kwa mshikaji. Kuitilia magurudumu mapya mashine yenye waya uliooza ni sawa na kumnunulia mgonjwa viatu vya kukimbilia.

Pili, ilaze mashine juu ya gunia safi na uiinamie. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa maneno hayo ni kweli tupu. Magurudumu mengi yanayosemwa kuwa yamekufa hayakufa, yamefungwa. Nywele, nyuzi za zulia na vipande vya kamba hujiviringa juu ya ekseli mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, na gurudumu lisilozunguka huburuzwa, likaliwa upande mmoja likawa bapa. Kata nyuzi hizo kwa wembe, zivute kwa koleo ndogo, futa ekseli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha kausha. Mafuta ya taa yasifike kwenye mpira. Nusu saa ya kazi hii yaweza kukuonyesha kwamba hakuna cha kununua.

Tatu, kama gurudumu halina budi kutolewa, jua kwanza limeshikwaje. Mengine yameshikwa na pini iliyopasuliwa ncha, ambayo hunyooshwa ikavutwa. Mengine yameshikwa na kibanio kidogo cha chuma chenye umbo la nusu duara, ambacho husukumwa kwa bisibisi. Kifunike kwa kiganja, la sivyo kitaruka, na hutakiona tena. Mengine yana kofia ya bati iliyogongwa juu ya ncha ya ekseli. Hiyo ikitolewa aghalabu huharibika, basi uwe na nyingine tayari. Mengine yamepigwa ribiti, na ribiti hukatwa kwa tupa au hutobolewa kwa drili, polepole, ili tundu la mwili lisipanuke. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, au chora katika daftari. Kila washa iwekwe katika kopo kwa mpangilio uliotoka, kwa kuwa washa nyembamba kuliko zote ndiyo inayozuia gurudumu lisisugue mwili.

Nne, pima. Pima upana wa gurudumu toka ukingo hadi ukingo, pima unene wake, pima tundu la katikati, na pima ekseli. Usipime mahali palipoliwa. Ikiwa gurudumu lote limeliwa, tafuta kipimo cha asili katika kitabu cha mashine, au katika gurudumu la mashine nyingine ya namna ile ile. Kipimo kiandikwe. Fundi asemaye "nimekikadiria kwa macho" huyo amekwisha kukuuzia kazi mara mbili.

Baada ya kupima ndipo fundi huchagua moja kati ya njia mbili: kulifufua gurudumu la zamani, au kutia jingine mahali pake.

Kulifufua ndiko kwema endapo kitovu chake ni kizima na ni tairi peke yake lililoharibika. Kata tairi bovu ulitoe, sugua kitovu kwa msasa mwembamba mpaka gundi ya zamani imalizike, kisha pangusa kwa spiriti. Kwa tairi jipya ziko njia kadha wa kadha. Iliyo rahisi ni ringi za mpira za pampu, ambazo ninyi wenye pampu za maji mnazifahamu. Ukipata iliyo ndogo kidogo kuliko kitovu, huvutwa ikakaa yenyewe katika mfereji wake. Njia nyingine ni kipande cha bomba nene la mpira lililokatwa kama pete. Njia ya tatu ni mkanda wa mpira unaokatwa kwa kisu kikali na kuzungushwa. Kwa kazi hii hakuna mwalimu bora kuliko fundi wa viatu vya tairi aketiye sokoni. Ajua mpira ulio hai na mpira uliokufa kwa kuupinda tu. Ncha za mkanda zikatwe mshazari, zisikatwe wima, ili zipandane bila kufanya kinundu. Gundi ya viatu ipakwe pande zote mbili, iachwe mpaka isinate kidoleni, ndipo pande zikutanishwe mara moja, zibanwe, zilale usiku kucha.

Lakini nina onyo juu ya mpira wa tairi la gari. Mpira huo umetiwa masizi ili uwe imara, nao huweza kuacha mistari myeusi juu ya sakafu nyeupe. Ndiyo sababu magurudumu mengi ya mashine za nyumbani yalikuwa ya kijivu au meupe. Basi kabla ya kuutumia, usugue kwa nguvu juu ya kipande cha vigae au juu ya karatasi nyeupe. Ukiacha alama, upeleke kwenye toroli la ghalani, usiulete ukumbini.

Ama lile tairi lililokuwa gumu lakini halijachanika, waweza kulisugua kwa msasa ili kuondoa ngozi ya juu inayong'aa, likashika sakafu tena kwa muda. Ziko dawa zinazouzwa za kulainisha mpira. Hulainisha kwa siku kadhaa, lakini hazirudishi ujana. Gurudumu la bakelaiti lenye ufa waweza kuliunga kwa gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mirija miwili, ukalifunga kwa uzi mpaka likauke. Liwe ni la nyuma na la mzigo mdogo; usilitegemee palipo na uzito mwingi.

Kutia gurudumu jingine kuna milango minne. Wa kwanza ni mashine nyingine ya aina ile ile iliyokufa mota. Hiyo yaweza kuwapa miguu wenzake, na kwa sababu hiyo nasihi kwamba katika zile zetu, ile yenye mota mbovu kuliko zote isiuzwe kwanza. Wa pili ni dukani, katika magurudumu ya viti, ya vitanda na ya masanduku ya safari. Wa tatu ni kwa mkereza, ambaye kwa gongo la nailoni au la mti mgumu kama mvule au mninga aweza kukereza gurudumu la kipimo ulichompa. Lile la mti litiwe bushi ya shaba katikati na lipakwe vanishi, maana likinyonya maji ya kupigia deki litavimba. Wa nne ni mpya: siku hizi ziko mashine zinazojenga kitu cha plastiki tabaka kwa tabaka kwa kufuata mchoro wa kompyuta, na wapenzi wa mashine za kale huko Ulaya na Marekani hujitengenezea magurudumu kwa njia hiyo. Ni njia njema, ila plastiki ichaguliwe; iitwayo PLA hulegea kwa joto la kama digrii 60, na gari lililofungwa juani au stoo ya bati si mahali pake.

Mlango wowote mtakaoupita, shikeni kanuni hii moja: gurudumu lifuate mashine, mashine isilifuate gurudumu. Nimeona mashine nzuri zilizotobolewa mwili, zikakatwa pembe, zikapigwa bolti kubwa, kwa ajili ya gurudumu la kitanda lililopatikana kwa bei rahisi. Baada ya hapo hata gurudumu la asili likipatikana, halina mahali pa kukaa. Kama tundu la gurudumu ni pana kuliko ekseli, tia bushi ndani ya gurudumu, usiibadilishe ekseli. Na lile gurudumu la zamani usilitupe. Lifunge katika mfuko, andika limetoka mashine gani na upande gani, liweke. Mwenye kuja baada yetu atalihitaji, iwe kwa kipimo au kwa kumbukumbu.

Kanuni ya pili: badilisha mawili mawili. Gurudumu jipya la kulia na kuukuu la kushoto havipatani. Mashine huinama, huvuta upande mmoja, na burashi husaga zulia upande wa chini. Hata kama moja ni zima, litoe pamoja na mwenziwe, uliweke akiba. Sisi watu wa ushirika hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili.

Kanuni ya tatu: mafuta ni tone, si bakuli. Ekseli ya chuma katika bushi ya chuma yataka tone moja la oili, kisha ifutwe. Palipo na mpira au plastiki, tumia grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya ziada hukusanya vumbi yakawa tope, na tope hilo hufanya kazi ya msasa mchana na usiku.

Kazi ikiisha, ijaribiwe kabla haijaandikwa kuwa imekwisha. Weka mashine juu ya meza iliyo sawa. Magurudumu yote yaguse, isitikisike. Isukume kwa kidole kimoja. Iende moja kwa moja. Ile ya kusimama ijaribiwe juu ya zulia: iwashwe, na mkono usikie kama burashi yazunguka kwa wepesi au yaguna. Iache ifanye kazi dakika 10, kisha shika mwili wake. Uvuguvugu si neno. Moto unaokataza mkono ni dalili ya kwamba mdomo uko chini mno, au kuna kasoro nyingine. Mwisho apewe yule mama mfagiaji aisukume mwenyewe chumba kizima. Huyo ndiye mkaguzi wa kweli, na neno lake liandikwe katika daftari pamoja na langu.

Bwana Mwenyekiti, nisije nikadhaniwa kwamba napenda vitu vya kale kwa upofu. Iko mashine isiyostahili gharama. Yenye mota iliyoungua, yenye mwili uliopasuka mahali pa kushika ekseli, au yenye waya na swichi zilizooza asipatikane mtu wa kuzifanya upya, hiyo na ivunjwe, vifaa vyake vitumike. Na mashine hizi za nyumbani zisipelekwe ghalani kuvuta vumbi la mazao, wala karakanani kuvuta majivu ya moto. Hazikuundwa kwa kazi hiyo, na mota yenye cheche katikati ya vumbi laini ni hatari.

Kwa hiyo naleta ombi langu mbele ya Halmashauri kwa maneno machache. Nusu ya uamuzi wa kuuza vyuma chakavu huwa ni kwamba hakuna aliyeandika hesabu. Basi kabla ya kuuza, kila mashine ifanyiwe karatasi moja yenye nguzo nne: hali ya waya na mota, gurudumu gani limeharibika na limetengenezwa kwa kitu gani, bei ya vifaa na saa za fundi, na bei ya mashine mpya ya kazi ile ile. Karatasi hizo zisomwe hadharani. Ile ambayo matengenezo yake yanapita theluthi moja ya bei ya mpya, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuinua mkono ivunjwe. Ile isiyofika hapo, naomba irudishwe kazini. Na kazi hiyo wapewe vijana wanaojifunza karakanani, kwa maana atakayejua kutoa gurudumu dogo bila kuliharibu, akalipima, akalirudisha likazunguka, huyo kesho aweza kukabidhiwa toroli la ghalani, na keshokutwa trela la trekta. Ekseli ni ekseli, na kipimo ni kipimo.

Wapo waliouliza kwa nini Chama chenye miaka 10 kishughulike na gurudumu la upana wa vidole vitatu. Nawajibu kwamba mali nyingi za vyama hazikupotea kwa wizi wala kwa moto. Zilipotea stoo, zikiwa na kasoro ndogo ambayo hakuna aliyeinama kuitazama, mpaka siku ya kupimwa kwa kilo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huo, Ndugu Wanachama, utajengwa kwa makato ya mazao yenu.

Mashine ziko stoo, mlango u wazi mpaka saa 11 jioni, na kila mwanachama anayependa kuziona kabla ya kura ya kesho nitamwonyesha.